Kisu cha Asubuhi na Kisu cha Usiku

Mjukuu wangu, najua unachokificha.

Nakuona unavyokohoa mkono ukiwa kinenani. Nakuona unavyokaa upande, unavyochagua suruali pana, unavyokataa kwenda kuoga baharini na wenzako ukisingizia kwamba maji ni ya baridi. Una ngiri, mwanangu. Ilianza kama uvimbe mdogo unaotoka ukisimama na kurudi ukilala, nawe umeamua kuishi nao kimyakimya.

Nakuomba usiishi nao. Nimesimama miaka mingi kando ya meza ya upasuaji katika hospitali ya wilaya, nikiwakabidhi madaktari mikasi na uzi, na nimeona vijana wa namna mbili wakilazwa juu ya meza ile kwa ugonjwa huohuo mmoja. Wa kwanza alikuja asubuhi kwa miguu yake, ameoga, hajala, jina lake liko kwenye orodha. Wa pili aliletwa usiku wa manane, amebebwa na kaka zake, tumbo limejaa na anatapika. Kisu cha asubuhi hukata ngozi, kisu cha usiku hukata utumbo. Hayo ndiyo ninayotaka uyasikie, na nitayasema tena na tena mpaka unielewe.

Tuanze na kitu chenyewe, maana unaogopa usichokijua. Tumbo la mwanadamu limezungukwa na ukuta wa misuli na kano. Mwanamume ana mahali dhaifu kwenye ukuta huo tangu kabla ya kuzaliwa, kwa sababu korodani huumbika ndani ya tumbo la mtoto kisha hushuka chini kupitia kinena. Njia ile isipofunga vizuri, au nyama zake zikilegea baadaye kwa umri, kwa kikohozi kisichokoma, kwa kujikamua chooni au kwa mizigo, vilivyo ndani hupata pa kutokea. Huanza mafuta, kisha hufuata kipande cha utumbo.

Ndiyo maana wanaume wapatao 27 katika kila 100 hupata ngiri ya kinena wakati fulani maishani, na wanawake wapatao 3 tu. Hujarogwa. Hujalaaniwa na mtu. Wala si madafu uliyokunywa ukiwa mdogo, ingawa pwani nzima watakuapia kwamba ndiyo sababu.

Na si kila uvimbe wa huko chini ni ngiri. Huku kwetu kuna busha, maji yanayojaa kwenye mfuko wa korodani, ambalo mara nyingi huletwa na minyoo inayoenezwa na mbu, minyoo ileile ya matende. Busha halirudi tumboni ukilala. Tabibu akiliwekea tochi, mwanga hupenya. Kwenye ngiri ya mtu mzima kwa kawaida haupenyi. Kuna saratani ya korodani pia, ambayo huwapata vijana wa rika lako na hupona vizuri ikiwahiwa. Kioo cha chumbani kwako hakiwezi kuamua haya, mwanangu. Lazima mtu aliyesomea akuangalie.

Hapo ndipo unapokwama, najua. Kumvulia nguo mtu usiyemjua, pengine binti wa umri wako aliyevaa koti jeupe. Nakuambia kwa upendo: asiyevua nguo mbele ya daktari huvuliwa na waosha maiti. Yule binti ameona vinena vingi kuliko unavyofikiri, na jioni hatakumbuka kipi kilikuwa cha nani.

Umeona mabango kwenye nguzo za umeme na kuta za stendi. Tiba ya ngiri bila upasuaji, pamoja na nguvu za kiume, pamoja na chango, pamoja na kisukari, na namba ya simu chini yake. Nimewapokea wengi waliopitia kwenye namba zile kabla ya kutufikia. Sina ugomvi na miti yetu, mimi mwenyewe nilikuzwa kwa mwarobaini. Lakini tundu la ukuta wa tumbo haliwezi kunyweshwa dawa likaziba. Mizizi huchemshwa, tundu hushonwa. Mkanda wa kubana unaouzwa madukani nao huzuia uvimbe usitoke kwa saa chache. Ukiuvua, tundu liko palepale, na huenda limekua.

Sasa nisikilize vizuri hapa.

Siku moja utumbo ule unaotoka na kurudi utatoka usirudi. Hautakupigia hodi. Utakuwa umenyanyua mfuko wa saruji, au umepiga chafya tu. Shingo ya tundu itaubana. Damu inayoingia itashindwa kutoka, utumbo utavimba, na kadiri unavyovimba ndivyo unavyozidi kubanwa, mpaka damu ya kuingia nayo ikome. Utumbo uliokosa damu huanza kufa katika muda wa saa 6 hivi. Si siku 6, mwanangu. Saa 6.

Nilimwona kijana mmoja, saidia fundi, mwenye mabega ya kuvutia macho. Uvimbe ulimnasa Ijumaa mchana akiwa kwenye zege. Alirudi nyumbani akalala, akangoja urudi wenyewe kama siku zote. Jioni mzee wa mtaani akamkanda kwa mafuta ya nazi. Jumamosi akapewa chupa ya dawa, akaitapika. Jumapili alfajiri akafikishwa kwetu, uso umeingia ndani, ngozi juu ya uvimbe imekuwa ya zambarau.

Daktari alipofungua, harufu ilijaa chumba. Sitakueleza zaidi ya kukuambia kwamba kipande cha utumbo kilikuwa cheusi na kimetoboka, na korodani ya upande ule nayo ilikuwa imekufa kwa kubanwa mishipa yake. Tulikata vyote viwili. Jeraha ambalo lingekuwa na urefu wa kidole lilipanda mpaka juu ya kitovu. Wiki kadhaa alitembea na mfuko wa kinyesi uliobandikwa tumboni, na mke wake, msichana mdogo kabisa, akajifunza kuubadilisha. Aliishi. Lakini hakurudi kwenye zege, na sijui ni nani aliyewalisha wale watoto mwaka ule.

Nawe unaogopa kisu kwa sababu umeambiwa kisu kitakugusa uanaume wako. Uanaume wa kijana yule haukuchukuliwa na kisu. Ulichukuliwa na siku mbili za kungoja.

Kwa hiyo shika dalili hizi kama unavyoshika jina la mama yako. Uvimbe umekuwa mgumu na haurudi. Unauma, na maumivu hayaachi. Unatapika. Tumbo limejaa, hupati choo wala hewa haitoki. Ngozi imebadilika rangi, au homa imepanda. Ukiona hata moja tu kati ya hizo, usile, usinywe, usilale. Tafuta pikipiki, tafuta bajaji, gonga mlango wa jirani mwenye gari. Usiku huohuo.

Na tafadhali, tafadhali sana, usimruhusu mtu akukande. Uvimbe ulionaswa ukisukumwa kwa nguvu unaweza kupasuka, au utumbo uliokufa ukarudishwa ndani ukaoza humo huku wewe ukishukuru kwamba umepona.

Nitakuwa mkweli kwako, kwa sababu utasoma kwenye simu yako kisha uje unibishie. Kule Marekani madaktari waliwafuatilia wanaume wenye ngiri zisizowasumbua, matokeo yakachapishwa mwaka 2006, na waliona kwamba kungoja chini ya uangalizi hakukuwa na hatari kubwa. Walionaswa walikuwa wachache mno, hata wawili kwa kila 1,000 kwa mwaka hawakutimia. Ni kweli. Lakini wale walikuwa na daktari anayewajua kwa majina na gari la wagonjwa linalofika kwa simu moja. Hata hivyo, walipofuatiliwa kwa miaka 10, theluthi mbili hivi walikuwa wameshakwenda kupasuliwa, wengi kwa sababu ya maumivu. Wewe unafanya kazi kwenye juya, saa nne za mashua kutoka nchi kavu. Kungoja kwako si kungoja kwao.

Sasa nikuambie wanachokifanya humo ndani, ili usipeleke mwili wako mahali usipopajua.

Zamani ngiri ilikuwa ikirekebishwa na kurudi, ikirekebishwa na kurudi. Aliyebadilisha mambo ni daktari wa Italia, Edoardo Bassini. Kijana huyu mwaka 1867 alikwenda vitani pamoja na wapiganaji wa Garibaldi, akachomwa singe, na wapi? Kinenani. Alipona kwa taabu. Kuanzia mwaka 1884, akiwa Padova, alikuwa akifungua kinena tabaka kwa tabaka, anarudisha kilichotoka, kisha anaujenga upya ukuta wa nyuma kwa kushona misuli na kano pamoja. Mpaka leo hospitali nyingi za wilaya zinashona kwa njia iliyotokana na mikono yake.

Njia ile ina udhaifu mmoja. Chukua shati lililochanika begani. Ukizivuta kingo mbili zilizoachana na kuzishona kwa kuzikaza, siku utakayonyoosha mkono litachanika pembeni mwa uzi. Ukiweka kiraka bila kuvuta chochote, utanyoosha mkono na shati litatulia. Bassini alikuwa akivuta kingo. Huko Toronto, Kanada, daktari Shouldice alipunguza tatizo hilo kwa kushona tabaka nne, moja juu ya nyingine, hospitali yake ikafunguliwa mwaka 1945 na bado inafanya kazi hiyo. Mikononi mwa waliozoea njia hiyo ni nzuri sana. Mikononi mwa wasioizoea si hivyo.

Kiraka kilikuja kushika kasi miaka ya 1980, pale Lichtenstein na wenzake wa Los Angeles walipoanza kuweka wavu laini wa plastiki juu ya tundu bila kuvuta misuli. Hospitalini utasikia wakiuita meshi. Nyama huota kupitia matundu yake na ukuta unakuwa imara. Ngiri zinazorudi zimepungua sana kwa sababu ya wavu huu, na ndiyo njia ambayo wataalamu wa dunia huipendekeza kwa watu wazima wengi. Inaweza kufanywa kwa ganzi ya pale pale kinenani, ukiwa macho, unaongea na daktari.

Tatizo kwetu limekuwa bei. Na hapa nina jambo la kuwavulia kofia majirani zetu. Mashariki mwa Uganda, wanaume wapatao 300 walifanyiwa upasuaji, nusu kwa wavu wa kiwandani wa bei kali, nusu kwa kitambaa cha aina ya chandarua kilichonunuliwa kwa bei ndogo, kikakatwa na kutakaswa hospitalini. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Baada ya mwaka mmoja ngiri moja tu ilikuwa imerudi kati ya wale wa chandarua, na madhara mengine yalilingana. Kitambaa kile hakikuwa na dawa ya mbu na kilikuwa kimechemshwa kwa mvuke katika mitambo maalumu. Nakuona unavyofikiri, mwanangu. Chandarua cha kitandani kwako kimetiwa dawa ya kuua wadudu. Kibaki kitandani.

Kuna njia ya Desarda pia, daktari wa India, anayechukua utepe wa kano yako mwenyewe na kuufanya kuwa ukuta, pasipo plastiki yoyote. Waliipima pale Mulago, Kampala, wakailinganisha na ile ya wavu, na katika muda mfupi waliofuatilia matokeo hayakupishana kwa maana. Na kwenye hospitali kubwa kuna upasuaji wa matundu madogo, kamera inaingia tumboni na wavu unawekwa kwa ndani. Maumivu yake ni machache na ni mzuri kwa mwenye ngiri pande zote mbili au iliyorudi baada ya kushonwa. Ila unahitaji nusu kaputi, vifaa vya ghali, na mkono uliofanya kazi hiyo mara nyingi. Usikimbilie tundu dogo kwa sababu ya kuona kovu dogo. Muulize daktari anafanya ipi mara nyingi zaidi, kisha umwache akufanyie hiyo.

Nimekusifia kisu cha asubuhi. Nisipokuambia na madhara yake nitakuwa kama wale wa mabango.

Utavimba. Korodani na hata uume vinaweza kuwa vyeusi-bluu siku ya pili, na kijana anapoangalia chini ya shuka hudhani ameharibiwa. Mara nyingi ni damu iliyoshuka chini ya ngozi, hunywea yenyewe katika wiki mbili tatu. Maji pia yanaweza kukusanyika mahali ngiri ilipokuwa, ukadhani imerudi. Usiyatoboe, wala usimpe mtu ayatoboe kwa sindano mtaani. Unaweza kuyaingizia wadudu.

Mkojo unaweza kugoma usiku wa kwanza, hasa ukichomwa sindano ya mgongo, na hasa kwa wazee wenye tezi dume iliyokua. Watakuwekea mpira wa mkojo kwa muda. Sindano hiyohiyo inaweza kukuletea maumivu ya kichwa yanayozidi ukikaa na kupungua ukilala. Sema. Yana tiba.

Kidonda kinaweza kuota usaha. Kikiwa cha juujuu, dawa na usafi vitatosha. Usaha ukifika kwenye wavu, hiyo ni vita ndefu, na wakati mwingine hauishi mpaka wavu utolewe. Kwa hiyo uwekundu unaotambaa, joto, majimaji yenye harufu, au homa, ni vya kupeleka hospitalini siku hiyohiyo. Nisikusikie unakimwagia unga wa kapsuli za duka la dawa, mjukuu wangu. Nimeona mwisho wake.

Yapo maumivu yanayobaki. Kinenani hupita mishipa ya fahamu myembamba mitatu, na mmoja wao unaweza kubanwa na uzi, kunaswa kwenye kovu au kukatwa. Mtu mmoja hivi kati ya kumi hubaki na maumivu baada ya miezi mitatu. Kwa wengi ni ya kuvumilika, kwa wachache humtoa mtu kazini. Ganzi kidogo juu ya paja au chini ya kovu ni kawaida zaidi, na wengi huizoea.

Na lile unaloliogopa kuliko yote. Ndiyo, korodani inaweza kudhurika. Mishipa ya damu inayoishukia hupita katikati ya njia ileile daktari anayoifanyia kazi, pamoja na mrija wa mbegu. Ikiumizwa, korodani huvimba, huuma, na baada ya miezi inaweza kunywea. Hutokea mara chache sana katika upasuaji wa kwanza uliopangwa. Hatari hupanda ngiri ikiwa kubwa mno, ikiwa imerudi na inapasuliwa mara ya pili, au ikiwa imenaswa. Umeona njia inakoelekea? Kila mwaka unaoungoja kwa ajili ya kuilinda korodani yako, unaiongezea hatari. Aogopaye uzi mmoja atashonwa kwa kumi. Na nguvu za kiume zile unazosomewa kwenye redio za vichochoroni haziishi kwenye ngiri. Wengi walioogopa tendo kwa ajili ya uvimbe na maumivu yake wamerudi kwa wake zao wakiwa wepesi zaidi.

Mwisho wa madhara, ngiri inaweza kurudi. Hapa nina lawama, na nyingi si za daktari.

Mwanangu, vijana hurudi kazini mapema mno. Nimewaona. Siku ya kumi kijana yuko kwenye mkokoteni kwa sababu bosi ametuma ujumbe, kwa sababu kodi ya chumba imefika, kwa sababu wenzake wamemwita mzembe. Kutembea ni vizuri, tena anza siku hiyohiyo ya upasuaji, damu isigande miguuni. Kupanda ngazi, kuvaa, kufanya kazi nyepesi, sikukatazi maumivu yakikuruhusu. Ila mfuko wa kilo 50 ni neno jingine, na neno hilo ni la daktari wako kulisema. Wengi watakuambia wiki nne hadi sita kwa kazi nzito. Zihesabu na mkeo. Mzigo hauna shukrani, mshono una kumbukumbu.

Zungumzeni mapema nyumbani nani atalipa nini wiki hizo. Weka akiba kabla ya kupangiwa tarehe. Waambie wanakikundi chako cha kuweka na kukopa ukweli, usiseme unakwenda msibani. Mke wako ajue. Nani atakuletea uji wodini kama umemficha?

Na sigara uiache, si siku ya upasuaji, wiki kadhaa kabla. Inapunguza damu kwenye kidonda na inakuletea kikohozi ambacho kila kishindo chake kinagonga mshono. Kikohozi cha zaidi ya wiki mbili kipimwe kwanza, kisije kuwa kifua kikuu. Kula mboga, papai, maharage, kunywa maji, choo kiwe laini. Ukikohoa, weka kiganja juu ya kidonda ukikaze kidogo. Babu yako mwenye tezi dume anayesukuma kila tone, naye atibiwe tezi kwanza, la sivyo tutakuwa tunashona kwa mkono mmoja na kufumua kwa mwingine.

Wewe mjukuu wangu wa kike, usidhani nimekusahau. Ngiri kwa wanawake ni chache, lakini kuna moja inayojitokeza chini kidogo ya mkunjo wa kinena, juu ya paja, ndogo kama tezi. Wanawake huipata zaidi ya wanaume, na tundu lake ni jembamba na gumu, hivyo hunasa haraka. Nyingi hatuzioni mpaka usiku wa kisu. Hiyo haingojewi hata kama haiumi. Na wewe uliyejifungua kwa upasuaji ukaona tumbo linachomoza kwenye kovu unapojiinua kitandani, hilo nalo ni ngiri. Usilifunge kanga na kuendelea kuchota maji.

Mtoto wako mchanga akitokwa na uvimbe kinenani anapolia, mpeleke wiki hiyohiyo. Kwa wachanga hunasa upesi kuliko kwa wakubwa, na upasuaji wao ni mwepesi: hufungwa tu ile njia iliyobaki wazi, hawawekewi wavu. Kitovu kilichotokeza ni habari nyingine. Watoto wetu wengi huwa nacho, na kwa kawaida hujifunga chenyewe kabla ya miaka minne au mitano. Ile sarafu mnayoifunga juu yake kwa kitambaa iondoe, mama. Haizibi kitu, inachubua ngozi na kuleta vidonda. Kitovu kikiwa kigumu, chekundu, na mtoto anatapika, hapo ndipo ukimbie naye.

Nakurudia wewe wa kwanza, uliyekaa upande.

Nenda wiki hii. Katika kituo cha afya sema wazi, "Nina uvimbe kinenani, naomba kuangaliwa na wa upasuaji." Wakikuandikia rufaa, ipeleke, usiikunje kwenye pochi. Kama una bima ya afya, uliza mapema inalipa nini na wavu umo au haumo. Kama huna, uliza gharama yote kabla ya tarehe, na ukizidiwa omba kuonana na ofisa ustawi wa jamii wa hospitali. Yupo kwa ajili ya watu kama wewe na si aibu kumgongea mlango.

Ukimfikia daktari muulize: ngiri yangu ni ya aina gani? Utashona au utaweka wavu, na kwa nini? Ganzi gani? Umefanya nyingi za namna hii? Nikipata shida usiku nimpigie nani? Daktari mzuri hakasiriki kwa maswali hayo. Mwambie dawa zote unazotumia, na mizizi pia, maana baadhi yake huzuia damu kuganda. Mwambie kama una kisukari, kama una pumu, kama una shinikizo la damu.

Kaka yako na apewe nakala ya tarehe. Asubuhi ya siku hiyo usile kitu, hata kipande cha muhogo, kama walivyokuagiza. Oga vizuri, acha saa na pete nyumbani. Eneo la kinena usilinyoe mwenyewe kwa wembe usiku wa kuamkia. Vidonda vidogo vya wembe hualika wadudu, watakunyoa wao ikibidi.

Na kama huna wa kukusindikiza, nipigie jioni ya leo. Magoti yangu bado yananifikisha stendi, na gari la kwanza linaondoka saa kumi na moja alfajiri.